Kutengeneza Randa ya Mbao Nyumbani, Kuanzia Springi ya Gari hadi Maranda ya Kwanza

Randa yangu ya kwanza ya mbao niliitengeneza mwezi Aprili, mvua za Dodoma zikiwa ndiyo kwanza zinakatika. Ilipiga vizuri kama wiki tatu hivi. Kufika Agosti, ule upepo wetu mkavu ukiwa umeshapamba moto, ikaanza kugusa mbao kwa kichwa na mkia tu, katikati haifiki. Nikaigeuza, nikalaza rula juu ya tumbo lake, nikaielekeza dirishani. Mwanga ulipita katikati bila kizuizi. Mbao niliyotumia ilikuwa bado mbichi ndani, nami wakati wa kununua sikuuliza. Randa ile ipo mpaka leo, ila mwanangu ndiye mwenye nayo, na kwake ni basi la kwenda Singida.

Ya pili ndiyo ninayofanyia kazi hadi sasa, na hii ya pili ndiyo nitakayokueleza. Mbao ikishakauka, utahitaji siku kama nne za mwisho wa wiki, na nyingi kati ya hizo ni za kungoja gundi ikauke au chuma kipoe. Ukiniuliza ugumu uko wapi, nitakwambia hauko kwenye umbo. Umbo la nje hata ukilifanya kama sabuni ya mche litafanya kazi. Randa inakuwa nzuri au mbovu mahali pamoja tu: pale bapa linapolalia. Likilala likatulia, hata bapa la kawaida litakutolea maranda laini. Likicheza unene wa karatasi tu, utanoa mpaka uchoke na mbao itaendelea kutoka na mawimbi.

Tukubaliane majina kwanza, maana kila karakana ina yake. Chuma kinachokata ni bapa. Mteremko linapolalia nauita kitanda. Tundu la chini ambako makali yanachungulia ni mdomo, nafasi ya juu yake ambako maranda yanapandia ni koo, kuta mbili za pembeni ni mashavu, na uso wa chini unaoteleza juu ya mbao ni tumbo. Mbele ni kichwa, nyuma ni mkia. Kuna upau, kijiti kinachokatiza kooni kutoka shavu hadi shavu, na kuna kabari inayosukumwa kati ya upau na bapa ili kulibana. Hapo hakuna skrubu hata moja.

Mbao

Unahitaji kipande kimoja chenye urefu wa sentimita 28, upana wa sentimita 8 na nusu, na kimo cha sentimita 5 na nusu. Ukikosa unene huo, gundisha vipande viwili, lakini nyuzi zake zielekee upande mmoja.

Mimi natumia mninga. Sababu si uzuri wake, ingawa mzuri ni mzuri. Sababu ni kwamba mninga ukishakauka hautikisiki sana. Miti mingine husinyaa na kuvimba kwa kila msimu, huu hubadilika kidogo mno. Mkongo nao unafaa, na ni mzito zaidi, jambo ambalo wengine hulipenda kwa sababu randa nzito inajisukuma yenyewe. Mpingo ni mgumu kupita kiasi kwa gogo zima, lakini kipande chake kidogo kitatufaa kwenye upau. Paini ya Sao Hill iache kwa ajili ya kujaribia; tumbo la paini litaliwa ndani ya miezi. Najua unaufikiria mwarobaini, maana Dodoma hii huwezi kutembea mtaa mmoja bila kuuona na mara nyingi unaupata bure. Niliujaribu. Nyuzi zake zimepishana, huku zinakwenda na pale zinarudi, na kuunyoosha uso wake kulinichosha kuliko kazi yote iliyobaki.

Huna haja ya kununua ubao mzima. Nenda kwa mafundi wa samani, waulize mabaki ya miguu ya vitanda na fremu za milango; tangu serikali ihamie huku milango ya mninga haiishi kutengenezwa, na mabaki yake mengi huishia kuwa kuni. Ukinunua ubao mzima, nunua kwa muuzaji anayekupa risiti, kwa sababu mninga ni mti wa porini unaovunwa kwa kibali, na mbao isiyo na karatasi inaweza kukuletea maswali barabarani.

Ukishafika nayo nyumbani usiiguse. Iweke ndani ya nyumba, si juani, juu ya vijiti viwili ili hewa ipite pande zote. Kila Jumapili ipime kwenye mzani, hata ule wa jikoni, uandike gramu kwa penseli juu ya mbao yenyewe. Wiki mbili tatu mfululizo uzito usiposhuka, imekauka kwa hewa ya hapa. Mbao iliyotoka maeneo yenye unyevu itaendelea kushuka kwa muda mrefu kuliko unavyodhani. Hatua hii ndiyo niliyoiruka Aprili ile.

Sasa angalia nyuzi kwa ubavu. Mara chache zinakwenda sambamba na uso. Mara nyingi zinateremka kidogo kuelekea upande mmoja. Zigeuze ili zinapoteremka kufika tumboni ziwe zinaelekea mkiani. Ni kama kumpapasa paka: randa ikisukumwa mbele, mbao unayoipiga iwe inalaza manyoya ya tumbo, isiyasimamishe. Halafu tazama kichwani zile duara za umri wa mti. Upande uliokuwa karibu na gome uwe chini, upande wa moyo wa mti uwe juu.

Jambo moja la afya: vumbi la mninga huwasha pua na kifua, la mpingo huwasha hata ngozi. Funga barakoa unapopiga msasa. Wapo mafundi waliokohoa miaka mingi wakidhani ni mafua ya upepo.

Bapa kutoka kwenye springi

Ukiwa na randa ya chuma iliyovunjika mwili, chukua bapa lake, la inchi 2, uruke sehemu hii yote, ila vipimo vya upau nitakavyotoa utavirekebisha kwa sababu bapa hilo ni jembamba. Sisi wengine tunaenda gereji kutafuta springi. Chuma cha springi za majani, zile za bamba zinazopangana chini ya gari, kina kaboni ya kutosha kushika makali, na kwa wauza skrepa kinapimwa kwa kilo kama chuma kingine chochote. Chagua jani lililo nyoofu zaidi. Lining'inize kwa waya, uligonge kwa nyundo. Likilia kwa sauti ndefu, zuri. Likitoa sauti iliyokufa, lina ufa usiouona, na ufa huo utafunguka siku ya kulizima kwenye mafuta. Rudisha.

Jani langu lilikuwa na upana wa milimita 60 na unene wa 6. Nililitaka liwe na upana wa 50, unene wa 5 na urefu wa 150.

Springi hailiki kwa tupa ikiwa hivyo ilivyo. Ilainishe kwanza: iweke kwenye jiko la mkaa lenye upepo wa kutosha (mimi nilitumia feni ndogo ya kompyuta na bomba la bati) mpaka iwe nyekundu yote, inyooshe kwa nyundo juu ya kipande cha reli au chuma kizito, irudishe iwe nyekundu tena, kisha ifukie kwenye majivu makavu ilale humo usiku kucha. Asubuhi tupa itaila kama mbao ngumu. Kata kwa grainda, nyoosha pande mbili kwa tupa, na utangulize mteremko wa makali. Pembe ya makali iwe nyuzi 30, na huhitaji chombo cha kuipimia: kwa chuma cha milimita 5, mteremko ukiwa na urefu wa milimita 10, hapo ndipo ulipo. Usiufikishe kwenye wembe sasa. Acha ncha butu ya nusu milimita, kwa sababu ncha nyembamba hupasuka au huungua motoni.

Kazi ya kulifanya gumu ifanye jua likishazama, si kwa sababu ya mila bali kwa sababu mchana huoni rangi ya chuma. Mahitaji ni sumaku ya spika mbovu uliyoifunga kwenye waya mrefu, koleo, na kopo refu la chuma lenye mafuta ya alizeti lita mbili hivi. Hapa kwetu na Singida mafuta hayo hayajawahi kuwa tatizo. Yapashe moto kidogo, yawe ya kuvumilika kwa kidole. Kopo lisiwe la plastiki, na pembeni weka kipande cha bati cha kulifunika na ndoo ya mchanga, kwa sababu mafuta yanaweza kushika moto juu. Maji usiyasogeze karibu.

Pasha ule upande wa makali, sentimita 5 za mwisho. Ukiona wekundu, gusisha sumaku. Itashika. Endelea, gusisha tena. Itafika mahali sumaku haivuti chochote, kana kwamba umegusa jiwe. Ongeza kidogo tu baada ya hapo, rangi isogee kutoka wekundu wa damu kwenda wekundu wa nyanya iliyoiva, kisha litumbukize wima, makali yakitangulia, ukilipandisha na kulishusha. Usilikoroge kwa ubavu, litapinda. Nilipofanya mara ya kwanza nilikuwa na mzee mmoja mhunzi wa Kizota amekaa kwenye kigoda ananiangalia. Nikalitoa mafutani mapema, nikitaka kuona. Akaniambia, "Kijana wangu, ugali ukiufunuafunua hauivi." Nikalirudisha.

Likipoa, pitisha tupa kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, umefaulu. Ikiuma, rudia moto.

Sasa chuma ni kigumu kama chupa na kitavunjika kama chupa. Kinatakiwa kirudishwe nyuma kidogo. Sugua uso mmoja kwa msasa mpaka ung'ae, kisha weka ile ncha ya nyuma, si ya makali, juu ya mkaa wa wastani, na ukodolee macho. Rangi zitaanza kutembea juu ya chuma kama kivuli: kwanza njano hafifu ya nyasi kavu, nyuma yake kahawia, nyuma yake zambarau na buluu. Zinatembea polepole halafu ghafla zinakimbia. Ile njano ya nyasi za Julai ikifika kwenye makali, tumbukiza majini hapohapo. Ikifika kahawia bado linatumika. Ikifika buluu umelirudisha kuwa springi, anza upya.

Kupasua gogo

Kuna njia mbili za kujenga mwili. Ya zamani ni kuchukua gogo zima na kulichimba koo kwa patasi. Ni kazi ya heshima, na inataka patasi nyembamba za namna mbalimbali na mkono uliokwishaharibu magogo kadhaa. Ya pili ni kulipasua gogo vipande, kukata kitanda ukiwa unakiona mchana kweupe, kisha kulirudishia kwa gundi. Aliyeieneza zaidi njia hii ni James Krenov, seremala aliyezaliwa Siberia mwaka 1920, akajifunza kazi Uswidi, na kuanzia 1981 akafundisha Fort Bragg, California. Kwa karakana ya kibarazani kama yangu hakuna ubishi, ni hii ya pili.

Nyoosha gogo pande nne ziwe skwea. Chora kwa penseli pembetatu kubwa kwenye uso wa juu ikikatiza upana wote; baada ya kupasua, pembetatu hiyo itakuonyesha kipi kilikaa wapi. Kisha pasua mashavu mawili, kila moja milimita 12, ukiacha kipande cha kati. Nyoosha nyuso zote ulizopasua: mashavu yabaki na milimita 10, na kipande cha kati kiwe na upana wa bapa ukiongeza milimita 2, yaani 52. Ile 2 ni ya kukuwezesha kulisogeza bapa kushoto na kulia, na pia ni ya msimu: mwili wa mbao ukisinyaa wakati wa kiangazi, chuma hakisinyai, na bapa lililobana litayapasua mashavu.

Kwenye ubavu wa kipande cha kati pima sentimita 11 kutoka kichwani, weka alama tumboni. Hapo kitanda kinaanza. Kwa mbao zetu ngumu nataka kitanda kiinuke nyuzi 50 badala ya 45 ya kawaida, kwa sababu bapa lililosimama zaidi halinyofoi nyuzi zilizopishana. Bila kipimapembe, hesabu ni hii: panda wima milimita 50, rudi nyuma milimita 42, unganisha. Mstari wa mbele wa koo uchore kuanzia milimita 7 mbele ya alama ile ya kwanza: panda 50, nenda mbele 25.

Kata kwa msumeno wenye meno madogo, ukiacha mstari uonekane. Utapata vipande viwili na kabari ya mabaki katikati. 

Kitanda

Hapa tulia. Kama una saa moja tu leo, itumie yote hapa.

Bandika msasa namba 120 juu ya kioo cha dirisha au kigae cha granaiti, usugue uso wa kitanda ukiushika kwa mikono miwili, ukikagua kila baada ya misuguo kumi. Chora mistari ya penseli iliyopishana juu ya uso. Inakofutika ndiko palipoinuka. Ikifutika yote kwa pamoja, weka skwea kutoka ubavuni. Kitanda kilicholala upande kitafanya makali yatoke kona moja, na hakuna kugongagonga kutakakokuokoa.

Kisha laza bapa lenyewe. Bonyeza kona moja kwa kidole, halafu ya pili, ya tatu, ya nne. Sikiliza kuliko kuangalia. Kukiwa na kile kisauti kidogo cha "tik", bapa linacheza. Inaweza kuwa kitanda, inaweza kuwa bapa lilipinda kwenye mafuta. Bapa likiwa na tumbo upande mmoja, geuza ule uliobonyea ulalie kitanda, ili liguse juu na chini kuliko kugusa katikati. Paka mgongo wa bapa masizi ya sufuria, lilaze, lisogeze kidogo, uinue: masizi yatakuonyesha linapogusa. La muhimu kuliko yote ni lile eneo la chini kabisa, karibu na mdomo. Lazima liguse hapo.

Upau na gundi

Weka vipande vya kati juu ya shavu moja kwenye nafasi zake na bapa likiwa kitandani, mteremko wa makali ukitazama kitanda, uso ulio nyoofu ukitazama mbele. Shusha bapa mpaka makali yalingane na tumbo, kisha sukuma kipande cha mbele mpaka kiguse makali kidogo tu. Hapo ndipo kitakapogundishwa. Usitumie rula, tumia bapa. Mdomo utaonekana umefungwa. Tutaufungua baadaye kwa tupa, na mdomo ni rahisi kuupanua kuliko kuuziba.

Gundi inateleza. Ukibana kwa klempu vipande vitahama na kazi ya kitanda itapotea. Kwa hiyo, kabla ya gundi, bana vyote vikavu, toboa tundu dogo kwenye kila pembe ya mwisho ya gogo, ndani ya sentimita moja na nusu ya kichwani na mkiani, upige misumari myembamba iliyokatwa kichwa. Ncha hizo zitakatwa mwishoni, misumari iondoke nazo, ndiyo maana tulianza na sentimita 28.

Vikiwa bado vimebanwa vikavu, chora nafasi ya upau kwenye shavu. Mstari wa kitanda uendeleze kwenye ubavu wa nje, chora mwingine sambamba nao milimita 19 mbele yake, na juu ya huo wa pili weka alama kwenye kimo cha milimita 32 kutoka tumboni. Ile 19 ni unene wa bapa 5, kabari 8, na nusu ya upau wa milimita 12, ambayo ni 6. Bapa lako likiwa na unene mwingine, badilisha hapo. Toboa milimita 12 kutoka shavu moja hadi la pili bila kuachanisha kitu.

Upau uutengeneze kwa mpingo, mkongo au mkwaju, wa kuingia kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mbao. Namna nyepesi ya kuuviringisha ni kutoboa tundu la milimita 12 kwenye bamba la chuma, kuchonga kijiti kinene kidogo kuliko tundu, na kukipitisha kwa nyundo. Chuma kinakwangua ziada chenyewe.

Sasa fungua, paka gundi nyeupe ya mbao, nyembamba, pande zote mbili, ukiiacha mbali kidogo na kingo za kitanda na koo. Misumari, klempu sita kama unazo, na kipande cha mbao nene kila upande ili ubano usambae. Gundi ikichuruzika kitandani ifute sasa hivi kwa kijiti na kitambaa kibichi, ikikauka ni patasi. Acha saa 24. Kisha ingiza upau ukiwa na gundi kwenye mashavu tu.

Kabari

Kabari yangu ya kwanza niliichonga na ncha kama kisu, kwa kudhani kabari ni kabari. Ikashuka mpaka mdomoni, na kila nikipiga, maranda yanajikunja na kuziba koo. Ncha inatakiwa iishie kama milimita 12 juu ya makali, na hapo ilipo upau unataka unene wa 8. Kwa hiyo: urefu sentimita 10, upana milimita 50, ncha milimita 6, nyuma milimita 18. Baada ya hapo laza ncha kwa mteremko mfupi upande wa mbele ili maranda yapande bila kugota.

Iingize kwa mkono, igonge kidogo, itoe. Sehemu zitakazong'aa ndizo zinazobana. Punguza hapo, rudia, mpaka mng'ao utoke upana wote. Usiridhike na kabari inayobana upande mmoja kwa kisingizio kwamba haitoki.

Tumbo na mdomo

Kata ncha zenye misumari, gogo libaki sentimita 25. Ingiza bapa na kabari kwa nguvu ileile utakayotumia kazini, lakini bapa lirudi juu milimita 2. Ni lazima liwemo, kwa sababu mkandamizo wa kabari hupindisha mwili kidogo, na tumbo lililonyooshwa bila kabari halitakuwa nyoofu siku ya kazi. Sugua juu ya kioo kwa msasa namba 80, kisha 120, kisha 220, ukichora penseli na kufuta kama ulivyofanya kwenye kitanda. Kagua pia mpindo: laza vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kichwani na kimoja mkiani, viangalie kwa jicho moja. Vikiwa sambamba, tumbo halijazunguka.

Sasa shusha bapa uone kama linapita mdomoni. Kama halipiti, litoe, ukwangue ukingo wa mbele wa mdomo kwa tupa nyembamba, misuguo mitatu, jaribu. Misuguo mitatu, jaribu. Kwa randa ya kumalizia unataka nafasi ya nusu milimita mbele ya makali. Kwa ya kukwangua mbao kutoka kiwandani, milimita 1 hadi 1.5. Kama huna nyingine, anza na 1.

Umbo la nje lifanye unavyotaka. Mimi niliviringisha kingo zote za juu, nikateremsha mkia kidogo ili kiganja kikae, basi. Ipake randa nta ya nyuki, ile ya Manyoni inanukia vizuri, na tumboni zaidi ili iteleze. Kitanda na kabari visiguswe na nta wala mafuta kabisa.

Kunoa na kutega

Kunoa unakujua au una wa kumuuliza, kwa hiyo nitasema mawili tu. Uso wa bapa ulio nyoofu, ule usio na mteremko, unyooke na kung'aa kwa sentimita 2 za mwisho; watu hunoa mteremko siku nzima na kuusahau huo. Pili, kona mbili za makali zizungushe kidogo sana kwenye jiwe, zisiache mistari juu ya mbao.

Weka randa juu ya ubao laini, shusha bapa liguse, sukuma kabari kwa kidole gumba, igonge mara moja. Igeuze, uchungulie kutoka kichwani ukiwa unaelekea mwangani. Makali yanatakiwa yaonekane kama unywele mweusi ulionyooka. Hayajatoka? Gonga ncha ya juu ya bapa kwa nyundo ndogo. Yametoka mno? Gonga mkia wa randa yenyewe. Bapa litarudi, kisha kazia kabari. Upande mmoja umezidi? Gonga bapa ubavuni, juu. Utapata wazimu siku ya kwanza, siku ya tatu mkono utakuwa unajua.

Anza na kipande cha paini. Maranda ya kwanza yatakuwa vumbi na vipande, halafu ghafla itatoka moja ndefu, ikijikunja juu ya kidole, unaona mstari wa mkono wako kupitia kwake.

Ikiacha mawimbi, rudi kitandani na masizi. Ikinyofoa nyuzi, punguza unene wa kukata au geuza mbao. Maranda yakiziba, tazama ncha ya kabari kabla hujapanua mdomo. Ikikata mwanzoni na kuacha katikati, tumbo limebonyea.

Na litabonyea. Kila Desemba mvua ikianza na kila kiangazi kikikomaa, mwili wa mbao unabadilika hata ukiwa mninga. Jioni legeza kabari, usiache randa imebanwa usiku kucha, na usiiache kibarazani upepo unapovuma. Mara mbili kwa mwaka ipitishe tena kwenye kioo, dakika kumi tu. Mimi huandika mwezi kwa penseli ndani ya shavu la kushoto, pale juu ya upau. Sasa hivi pameandikwa Septemba, na chini yake, karibu limefutika, lipo Februari.